Mguu Usiohisi Moto

Mguu wangu wa kulia ninao bado. Naanza na hilo kwa sababu mimi mwenyewe nikisimuliwa habari za mgonjwa wa sukari, swali langu la kwanza huwa ni kama walimkata. Basi hawakunikata, isipokuwa kidole kidogo, na hicho nimeshaacha kukililia. Sasa unaweza kusoma ukiwa umetulia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, ile ya milima ya Usambara, juu ya Lushoto. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na Pasaka inapokaribia nashona majoho ya kwaya ya usharika wetu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Umeme tunao, lakini unakatika unapojisikia, na mzazi anayengoja sare ya mtoto hataki kusikia habari za umeme. Kwa hiyo miguu yangu ndiyo iliyokuwa injini ya nyumba. Mume wangu Elia analima kabichi na karoti, na kilimo kinajulikana, mwaka huu kinacheka na mwaka kesho kinanuna. Pedeli haikununa hata siku moja.

Sikuzaliwa Mshambaa. Wazazi wangu walitoka Njombe kuja kuchuma chai, nikazaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, katikati ya watu wa kila kabila na kila dini. Nilipoolewa na Elia nilikuja kuishi nyumba moja na mama yake. Mama mkwe alinipokea kwa adabu, kama mgeni ambaye hakualikwa lakini ameshafika. Kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo mama," aliitika, "Marahaba," na neno lililofuata alilisema kwa Kishambaa, macho yakiwa kwa mwanawe. Kwa majirani alinitaja kama yule mtu wa chai. Kishambaa nilikwisha kukijua siku nyingi, lakini sikumwambia, maana nilikuwa nafaidi mengi.

Ugonjwa wenyewe uliingia kimyakimya. Nilikuwa na kiu, nikasema ni chumvi ya dagaa. Nilikwenda haja ndogo mara kwa mara, nikasema ni baridi. Macho yalipoanza kunizingua wakati wa kutunga uzi, nikasema ni umri. Kisha miguu ikafa ganzi. Ilifika mahali nikawa nainama kutazama chini ya cherehani nihakikishe kama mguu upo juu ya pedeli, kwa sababu mguu wenyewe hauniambii. Hilo nalo tukalisukumia baridi. Huku kwetu mwezi wa sita mpaka wa nane baridi inasingiziwa kila kitu, hata uvivu.

Sasa nieleze habari ya moto. Jiko la mama mkwe liko nje, nyuma ya nyumba, na ni la mafiga matatu. Wakati wa baridi sote tunahamia humo asubuhi. Tunakaa kwenye vigoda, tunanyoosha miguu kuelekea kwenye mafiga, tunaota moto huku chai ikichemka. Kila mtu Usambara amelelewa hivyo. Hakuna anayepima umbali. Joto likizidi mguu unajivuta wenyewe, na mazungumzo yanaendelea.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Binti yetu Neema alikuwa nyumbani kwa likizo. Mama mkwe alikuwa amefukia viazi kwenye majivu, nami nilikuwa nasimulia habari za mteja mmoja aliyenenepa katikati ya vipimo vya kwanza na vya pili.

Neema akanusa. "Kuna kitu kinaungua."

"Ni viazi," mama mkwe akasema, akachokonoa majivu kwa kijiti.

"Siyo viazi, bibi." Kisha akapiga kelele. "Mama, mguu! Mguu wako!"

Nilitazama. Unyayo wangu wa kulia ulikuwa umeegemea figa. Nikauvuta, na ngozi ikabaki kwenye jiwe. Neema alikuwa analia, mama mkwe ameshika kichwa, na mimi nimekaa palepale nangoja maumivu yafike. Hayakufika. Nilingoja kama mtu anayengoja radi baada ya kuona umeme, na hayakufika kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mama mkwe alileta asali, Neema akanipaka. Jirani akaleta dawa ya meno. Mwingine akasema yai. Nilipakwa vyote, na kwa kuwa hapakuwa na maumivu nikarudi kwenye cherehani nikaendelea na sare, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kama nina jambo moja la kumwambia mwenye ganzi, ni hili: kidonda kisichouma usikiamini. Kinakula taratibu huku wewe unashona. Siku Elia aliponusa harufu chumbani na kuuliza kama kuna panya aliyekufa, kidonda kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Alinipakia kwenye gari la kwanza lililopita kuelekea Lushoto, nikiwa nimefunga mguu kwa kipande cha joho la kwaya.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu la mbao, lililong'aa kwa kukaliwa. Watu wa mabenchi wanajuana haraka. Kabla sijaitwa nilikuwa nimeshajua nani ana presha, nani ana figo, na nani amemsindikiza tu mtu lakini naye anataka kupima. Nesi alinitoboa kidole, akatazama kipimo, akatoboa kingine, kisha akaondoka kwa haraka bila kunitazama usoni. Elia akanishika mkono hadharani, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya harusi yetu.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo. Alisema nina kisukari, tena cha siku nyingi. Aligusa mguu wangu kwa kitu chembamba akaniuliza nahisi wapi. Alipofika karibu na nusu ya muundi ndipo niliposema, "Hapo." Akachukua kalamu akachora mstari kidogo chini ya goti.

"Mama, tutajaribu kuuokoa mguu," akasema. "Tukishindwa, tutakata hapa. Na hata tukifaulu, kazi kubwa itabaki kwako na watu wako wa nyumbani. Kila siku, na haina likizo."

"Mimi ni fundi," nikamwambia. "Nashona kwa mguu huo."

"Basi tuna sababu nzuri," akasema.

Mstari ule wa kalamu ulikaa kwenye ngozi yangu muda mrefu. Kila nilipooga niliuzunguka, sijui kwa nini, labda niliona kuufuta ni kumkosea daktari heshima.

Nilikaa wodini mpaka baridi ikaanza kupungua. Sitaeleza habari za sindano na dripu, wanaozijua wanazijua. Nitaeleza harufu ya dawa ya kuoshea vidonda, ambayo mpaka leo nikiipata mahali popote natafuta mlango. Nitaeleza chumba cha kusafishia, ambako kila baada ya siku moja tulipanga foleni, kila mtu na kidonda chake kama wanafunzi na madaftari. Wengine walipiga kelele ndani. Mimi sikupiga, na walinisifu kwa ushujaa. Niliona aibu kusifiwa kwa kitu nisichokihisi.

Kwenye foleni hiyo nilimpata mzee mmoja kutoka Mtae, ambaye mguu wake ulikwisha kukatwa na sasa alikuwa anatunza wa pili. Alikuwa mcheshi ajabu. Alisema viatu vyake sasa vinadumu maradufu, kimoja anavaa na kimoja akiba. Siku waliponiambia kidole kidogo lazima kiondoke, nililia mbele yake bila kujizuia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Mwanangu, mpe huyo sukari hicho kidole aende nacho. Wewe shika vilivyobaki." Kisha akaniuliza kama nimekula. Sijamwona tena tangu aruhusiwe, na barabara ya Mtae ni ndefu, lakini namwombea kila Jumapili.

Huruma ndogondogo zilikuwepo pia. Mwanamke wa kitanda cha jirani alinipa nusu ya blanketi lake usiku wa kwanza. Nesi mmoja alipasha maji ya kuogea akayajaribu kwa kiwiko chake kabla ya kunipa, na ndivyo nilivyojifunza kupima maji kwa kiwiko, kwa sababu kiwiko changu bado kina akili. Neema, kabla ya kurudi shuleni, alikuja na kioo kidogo cha kujitazamia. Nesi alikuwa amemwambia kwamba mwenye ganzi lazima atazame nyayo zake kila siku, na asipoweza kuinama atumie kioo.

Nilirudi nyumbani na vidonge, na kidonda kilichokuwa kinaanza kufunga, na maagizo mengi. Hapo sasa ndipo kazi ilipoanza, na ninaloandika hapa hasa ni hilo. Hospitali walikuwa wananifanyia. Nyumbani ilibidi nijifanyie, katikati ya watu wenye mazoea yao.

Chukua chakula. Kwetu bada inapikwa na mama mkwe, ugali wa muhogo, mlaini, na anaumega kwa ukarimu. Sahani yangu ilikuja na mlima. Nikala robo, nikaanza na mboga kwanza kama nilivyoelekezwa, mnafu mwingi na maharage, kisha nikasukuma sahani. Mama mkwe akamwambia mwanawe kwa Kishambaa kwamba mtu wa chai ameenda hospitali akarudi mzungu. Nilimeza maneno yale pamoja na mnafu. Kesho yake mlima ukaja tena, mkubwa zaidi. Vita hivyo vilidumu mpaka mvua za vuli. Nilivimaliza kwa kununua kibakuli kidogo cha bati na kumwomba mbele ya Elia, kwa heshima zote, "Mama, naomba unipakulie humu, kijae kabisa." Kikijaa, hawezi kusema amenipunja, na mimi sijala zaidi ya kiwango. Alitazama kibakuli, akanitazama mimi, akapakua.

Chai ilinishinda zaidi. Mtu aliyezaliwa kwenye chai, akalelewa na mshahara wa chai, akalalia gunia la chai kama mto, anaambiwa anywe bila sukari! Mwanzoni ilikuwa kama kunywa maji ya kuloweka kitambaa. Nikaweka tangawizi na mchaichai, nikavumilia. Leo mtu akinitilia sukari kwa makosa nasikia kichefuchefu, na jambo hilo lingemshangaza marehemu baba yangu kuliko kidole kukatwa.

Kutembea nako kulileta kioja. Daktari alisema nikipona vizuri nitembee kila asubuhi, nimevaa viatu vilivyofunika vidole, mwendo wa kuchangamka. Lakini Malindi hakuna mtu anayetembea bure. Mtu akionekana njiani ana jembe, ana kuni, ana mzigo wa mboga, au kuna msiba. Siku yangu ya kwanza, nikiwa na soksi na raba na mikono mitupu, watu wanne walinisimamisha kuuliza nani amefariki. Mmoja alirudi ndani kuchukua kanga ya msibani anifuate. Siku ya pili nikabeba kikapu kitupu kichwani. Hakuna aliyeuliza tena. Nimetembea na kikapu hicho kitupu mpaka kanisani na kurudi asubuhi baada ya asubuhi, nikipanda na kushuka kama mtu mwenye shughuli zake. Siku hizi wapo wanawake wawili wanaonifuata, mmoja ana presha, na wao pia wamebeba vikapu. Vyote ni vitupu.

Msimu wa matunda ya plamsi ulipofika ulinitesa. Unajua Lushoto mwezi wa kumi na mbili, plamsi ziko kila kona, ndoo kwa ndoo, na zamani nilikuwa nakula huku nashona mpaka meno yanakufa ganzi kama miguu. Sasa nakula moja, nyingine nagawa. Nilinuna msimu mzima na Elia alinivumilia.

Lakini jambo lililokuwa zito kuliko yote ni kukagua miguu. Kioo cha Neema nilikitumia, lakini macho yangu yalikuwa yameharibika kwa sukari. Nikiinamia kioo naona unyayo kama picha iliyolowa. Kwa hiyo Elia alisema atakagua yeye. Jioni ya kwanza tulikuwa jikoni, ndiko kwenye mwanga na joto, mimi sasa nimekaa mbali na mafiga, nyuma ya mstari ambao Elia aliuchora sakafuni. Alikuja na kigoda chake, akakaa mbele yangu, akaweka mguu wangu mapajani pake, akafungua bandeji. Akaanza kuosha kati ya vidole, kimoja baada ya kingine, akikausha kwa kitambaa, uso ameukunja kama anachambua mbegu.

Mama mkwe alisimama. Akaweka mwiko chini, akatoka nje.

Asubuhi yake alinikuta naanika nguo. Akaongea nami kwa Kiswahili, maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja. "Mwanamume hainami miguuni pa mkewe mbele ya mama yake. Mimi nimezaa watoto saba. Baba yake hakuwahi kunishika hata kidole cha mguu. Mnataka watu waseme nini?"

"Mama, nikikosa wa kunikagua, watanikata," nikamwambia.

"Sijasema usikaguliwe," akasema. Akaingia ndani.

Nilikasirika. Nasema wazi kwamba nilikasirika, nikalia kwenye nguo zilizolowa. Nilikuwa nimemtumikia mwanamke yule tangu nikiwa bibi harusi, nimempikia uji akiugua, nimemshonea magauni yake yote, na sasa aibu ya jikoni kwake ilikuwa kubwa kuliko mguu wangu. Elia hakutaka ugomvi. Alihamishia ukaguzi chumbani, mlango umefungwa, akimulika kwa tochi ya simu. Tulifanya hivyo kila jioni, tukinong'ona kama tunaiba. Kidonda kilifunga kabisa wakati mahindi yakiwa yamefika magotini. Kliniki walinishangilia. Nilirudi kwenye cherehani, kwanza kwa muda mfupi asubuhi, kisha siku nzima. Mara ya kwanza kuisikia pedeli ikigonga tena nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Kisha masika ikaja. Elia aliteremka na kabichi kwenye lori, akapitia Mombo mpaka Mazinde kwa mnunuzi wake. Angerudi kesho yake. Usiku ule mvua ikanyesha kama imetumwa, udongo ukaporomoka, barabara ya kupanda kutoka Mombo ikafungwa. Wakasema siku mbili. Zikapita, wakasema nyingine. Nilikuwa peke yangu na mama mkwe nyumbani, Neema akiwa bwenini.

Kila jioni nilichukua kioo, nikawasha taa, nikakagua. Niliona unyayo mzima, umefifia, hauna damu wala uvimbe. Nikajiambia niko salama.

Jioni ya tatu tulikuwa jikoni, mvua inapiga bati. Mama mkwe alikuwa amemaliza kupakua. Kibakuli changu kilikuwa kimejaa sawasawa. Nikala, nikashukuru, nikainuka kwenda chumbani na kioo changu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Elia amenipigia simu. Amesema nikuangalie mguu." Alikuwa anatazama moto. "Leta."

Nilijikunja. Mama mkwe haguswi na miguu ya mkwewe, hata mimi niliyezaliwa kambini nalijua hilo. "Mama, hapana. Nimeshajiangalia. Sitaki kukuvunjia heshima."

"Heshima ni ya kwangu, nitaivunja mwenyewe. Leta mguu."

Alivuta kigoda chake taratibu, kwa sababu magoti yake hayamwelewi siku hizi, akauchukua mguu wangu wa kulia akauweka juu ya kanga mapajani. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Giza likiingia, hata mlango anaujua kwa kupapasa. Nikawaza moyoni, huyu ataona nini? Hakuangalia hata kidogo. Alifumba macho, akaanza kupitisha vidole gumba kwenye unyayo, kuanzia kisigino, akibonyeza kidogo kidogo, kama anavyochagua maharage mabovu kwenye ungo.

Akafika karibu na kidole gumba, akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa kuna kitu kigumu."

"Ni sugu ya zamani, mama."

"Sugu haina ncha." Akabonyeza. "Inakuuma?"

"Hapana."

"Leteni taa karibu," akasema, kama vile tuko wengi. Nikaisogeza. Akabana kwa kucha zake mbili, zile kucha ngumu za mtu aliyechambua mboga maisha yake yote, akavuta, na kitu kikatoka taratibu, chembamba, kirefu kuliko nilivyotegemea. Akanipa kiganjani. Kilikuwa kipande cha sindano ya cherehani. Sindano ilikuwa imenivunjikia siku mbili kabla, nikatafuta kipande chake sakafuni, nikakikosa, nikaendelea. Kilikuwa kimepenya kandambili yangu na kuingia mguuni, nami nilikuwa nimekikanyagia pedeli siku nzima.

Damu kidogo ikafuata. Mama mkwe akakamua, akaosha kwa maji ya chumvi aliyoyapoza akayapima kwa kiwiko. Sijui alijifunzia wapi, labda alikuwa ananitazama. Kesho yake, kwa kuwa njia ya kuteremkia Lushoto ilikuwa inapitika, alikaa nami kwenye benchi lile refu mpaka tukaitwa. Nesi alisafisha, akanipa dawa, akanichoma sindano ya pepopunda, akasema tumewahi. Akauliza nani aliyekiona. Nikamwonyesha mama mkwe.

Tangu hapo sivai kandambili ndani ya nyumba, navaa raba za soli nene. Sumaku imefungwa kwenye mguu wa cherehani, na sindano ikivunjika sishoni hata mshono mmoja mpaka vipande vyote vionekane. Mwenzangu fundi unayesoma hapa, fanya hivyo hata kama sukari huna.

Elia alirudi barabara ilipofunguliwa, amechoka, amejaa matope. Nikampa maji ya kuoga, nikamshukuru kwa kumpigia mama simu.

"Simu gani?" akauliza. "Simu yangu ililowa siku ileile ya kwanza. Nimeshindwa hata kukupigia wewe."

Akataka kwenda kumwuliza, nikamshika shati. Tukaliacha hivyo, na mpaka leo hatujamwuliza.

Sasa kila jioni, baada ya kula, mama mkwe anavuta kigoda na kusema, "Leta." Elia anakaa pembeni anamenya viazi vya asubuhi. Mama ananisema kwa Kiswahili sasa, na ananisema sana, kwamba naketi vibaya, kwamba soksi zangu zinabana, kwamba kibakuli kile cha bati kimekwaruzika ninunue kingine. Sukari yangu haipandi kama zamani. Kliniki nakwenda kwa tarehe zangu. Mstari wa daktari ulifutika zamani.

Naandika haya ili wenzangu wenye sukari wapate ukweli, basi na hili niliseme. Ganzi haikuondoka, na wameniambia nisiitegemee kuondoka. Miaka yote hiyo mama mkwe hakuwahi kunigusa zaidi ya kunipa mkono siku ya Krismasi, na nilikuwa nimeutamani mkono wake kuliko nilivyokubali. Sasa unapita mguuni kwangu kila jioni, kutoka kisigino mpaka vidoleni, polepole, na mimi siuhisi. Ndiyo maana huwa nasogeza taa na kuinama, nikaze macho yangu haya mabovu, nione umefika wapi.